Nimekutwa na kaswende kliniki, na sijawahi kutoka nje ya ndoa

Shikamoo mama,

Nina miaka 24, naishi Ilemela hapa Mwanza, nina mimba ya miezi mitano. Ni ya pili. Ya kwanza, mwaka juzi, ilipokuwa inaelekea miezi saba mtoto aliacha kucheza, nikajifungua akiwa ameshafariki. Wakati ule nilikuwa sijaanza kliniki. Nikuambie ukweli, niliogopa. Mtaani wanasema ukienda kliniki unapimwa UKIMWI upende usipende, na majibu mnasomewa mbele ya mume. Nikawa najiambia nitaenda mwezi ujao, nitaenda mwezi ujao, mpaka yakanikuta yaliyonikuta.

Safari hii nikasema sirudii. Nikaenda, nikarudishwa. Nesi aliniuliza mwenza wangu yuko wapi. Nikamwambia mume wangu ni mvuvi wa dagaa, wakati wa giza wanakuwa visiwani, anarudi nyumbani mbalamwezi ikishakuwa kubwa. Akasema basi nikalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mama, mimi nina mume, lakini nilikwenda kuomba barua kama mtu aliyetelekezwa, na pale ofisini kulikuwa na watu, wakanitazama kuanzia kichwani mpaka tumboni.

Niliporudi tulikaa kwenye mabenchi, wanawake wengi tu. Tukapewa somo la lishe na la chandarua, halafu tukaambiwa tutaingia mmoja mmoja kupima. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Niliingia nikachomwa kidole, nikatolewa damu nyingine, nikapewa kikopo cha mkojo, nikarudi kukaa. Sikujua hata wanapima nini. Baadaye nesi alitoka mlangoni na kadi yangu mkononi, akaniita jina, akasema kwa sauti, "Wewe una kaswende, pita chumba cha sindano." Benchi zima liligeuka. Mmoja wa waliogeuka anaimba kwaya moja na wifi yangu.

Nilichomwa sindano mbili, kila upande moja. Maumivu yake siwezi kuyaeleza, nilichechemea mpaka nyumbani. Usiku ule nikapata homa kali, baridi, mwili mzima unauma, na mtoto akatulia, sikumsikia mpaka asubuhi. Nikajua ile dawa inamwua na huyu. Niliambiwa nirudi wiki ijayo na wiki inayofuata nikachomwe tena. Sijarudi. Leo ni siku ya tisa.

VVU wameniambia sina. Lakini nimeambiwa nitapimwa tena mimba ikiwa kubwa. Kama wameona sina, wanapima tena nini? Hawaniamini? Na homa ya ini wamesema kipimo kimekwisha, niulize safari nyingine.

Mama, tangu nimeolewa sijawahi kumjua mwanamume mwingine. Kabla ya ndoa nilikuwa na mchumba mmoja, tulipomaliza kidato cha nne yakaisha. Sijawahi kuona kidonda, sijawahi kutokwa na kitu chochote. Nilipewa kikaratasi nimpe mume wangu naye akatibiwe. Nimekificha ndani ya foronya. Nikimpa, atasema nimeuleta huo ugonjwa yeye akiwa ziwani. Na kama ni yeye, itakuwa nimemtuhumu, na nyumba itawaka moto. Mama mkwe ndiye aliyemaliza kabisa: amesema hivyo vipimo vimewekwa kuvunja ndoa za watu, wao walizaa bila kuchomwa vidole.

Naomba unijibu. Nilikuwa na haki ya kukataa? Huyu mtoto atakuwa salama? Yule wa kwanza, ni kaswende iliyomchukua? Na mume wangu nimwambieje?

Mama Mtarajiwa, Ilemela

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilipofika nilikujibu siku ileile kwa ujumbe wa simu, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lisilosubiri gazeti: sindano ya pili. Kati ya sindano na sindano zisipite siku 14, na wewe ulikuwa umeshafika ya tisa. Nashukuru umenijulisha kwamba ulikwenda na umeshachomwa. Sasa tuzungumze mengine, na nitazungumza kwa urefu, maana barua za namna hii napokea nyingi na wengi wenu mnaniandikia mkiwa mmechelewa.

Nianze na ile homa, kwa kuwa ndiyo nusura ikukoseshe tiba. Haikuwa dawa kumdhuru mtoto. Bakteria wa kaswende wanapokufa wengi kwa mpigo, mwili hupandisha homa, unapata baridi, kichwa na viungo vinauma. Huanza saa chache baada ya sindano ya kwanza na huisha ndani ya siku moja hivi. Kwa mjamzito inaweza pia kuleta tumbo kukaza, au mtoto akapunguza kucheza kwa muda. Haya yote yanajulikana, na ulitakiwa kuambiwa kabla hujatoka kile chumba: kunywa maji, meza paracetamol, na tumbo likianza kukaza na kuachia, au mtoto akipunguza kucheza, rudi kituoni usiku huohuo usisubiri kupambazuke. Maneno hayo yanachukua dakika mbili kuyasema. Hukuambiwa, ukabaki peke yako usiku na mtoto aliyenyamaza, ukiwa umeshampoteza mmoja. Ni mwanamke gani angerudi kuchomwa tena baada ya hapo? Mimi sikulaumu hata kidogo. Lakini nataka ujue kwamba kilichokukimbiza ni ukimya wa watu waliokutibu. Dawa yenyewe ni nzuri na inamfaa mwanao.

Sasa mtoto. Kaswende kwa mama inaweza kukaa kimya miaka mingi, lakini kwa mtoto aliye tumboni haikai kimya. Bakteria wanapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Mimba inaweza kutoka, mtoto akafia tumboni, akazaliwa njiti, au akazaliwa akionekana mzima halafu baada ya wiki kadhaa akaanza kuugua. Haya yalichunguzwa hapohapo kwenu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Mwanza kwa wajawazito. Kati ya wanawake waliokuwa na kaswende kali iliyo hai na hawakutibiwa, mmoja kati ya kila wanne alijifungua mtoto mfu. Kwa wale wasio na kaswende alikuwa mmoja tu kati ya mia. Karibu nusu ya watoto wafu wote katika kundi lile ilitokana na kaswende. Sehemu ya pili ya utafiti huo ndiyo ninayotaka uilalie leo usiku: wanawake waliopimwa wakakutwa nayo, wakachomwa penisilini, walijifungua salama kwa kiwango kilekile cha wanawake wasiokuwa nayo kabisa. Na hao walichomwa dozi moja tu. Wewe unakwenda kumaliza tatu, kwa sababu haijulikani ugonjwa umekaa mwilini mwako kwa muda gani, na kwa asiyejulikana muda wake utaratibu ni dozi tatu, moja kila wiki.

Penisilini ile inayochomwa kwenye makalio inauma, ndiyo, ni nzito na ni nyingi, na ndiyo maana wanaigawa pande mbili. Ndiyo dawa pekee tunayoiamini kumfikia mtoto na kumtibu humo ndani. Zipo dawa nyingine ambazo zinaweza kumsaidia mama na zisimsaidie mtoto, kwa hiyo mtu asikudanganye dukani kwamba kuna vidonge vya kubadilisha. Mwenye mzio wa penisilini anapelekwa hospitali kubwa ashughulikiwe huko chini ya uangalizi. Wewe huna mzio, umeshachomwa mara mbili. Na una muda. Dozi inahesabika kuwa imemkinga mtoto ikiwa imetolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua, na wewe uko mwezi wa tano.

Umeniuliza juu ya mtoto wako wa kwanza. Inawezekana ilikuwa kaswende. Kufariki tumboni mimba ikikaribia miezi saba kunaendana nayo, lakini watoto hufia tumboni pia kwa shinikizo la damu la mama, kwa malaria, kwa kisukari, kwa kondo kuachia, na mara nyingi hata pale walipochunguza hawakupata jibu. Mtoto wako hakuchunguzwa, kwa hiyo hakuna mtu leo anayeweza kukuambia kwa hakika, hata mimi. Najua wewe umeshajihukumu. Umeandika "yakanikuta yaliyonikuta" mara tu baada ya kuniambia kwamba uliogopa kliniki, umeyafunga mawili hayo pamoja. Yafungue, mwanangu. Msichana wa miaka ishirini na ushee aliyesikia mtaani kwamba majibu yanasomwa mbele ya mume, akaogopa, hajaua mtoto wake. Pole sana. Na kama hujapata mtu wa kumlilia yule mtoto pamoja naye, mtafute, awe mama yako au mchungaji wako, maana naona hii mimba unaibeba pamoja na msiba ambao haukuzungumzwa.

Sasa hapa usome polepole, kwa sababu ndipo ndoa nyingi zinapovunjika bila sababu. Kile kipimo cha kidole hakisemi nani kaleta. Hakisemi hata ni lini. Kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na kaswende, na askari hao kwa kawaida hubaki kwenye damu maisha yote, hata kwa mtu aliyetibiwa akapona. Tena kuna ugonjwa wa ngozi ambao wazee wanaukumbuka, buba, unaoletwa na bakteria wa ukoo mmoja na kaswende, nao unaweza kukifanya kipimo kionyeshe chanya. Kuna kipimo kingine cha maabara, RPR, kinachosaidia kujua kama ugonjwa uko hai sasa na kama unashuka baada ya tiba. Kwa mjamzito hatusubiri kuhakikisha hayo yote ndipo tutibu, kwa sababu kusubiri kunaweza kumgharimu mtoto, na sindano haimdhuru. Kwa hiyo anatibiwa kwanza.

Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, na kwa mwanamke mara nyingi kinatoka ndani asipoweza kukiona. Kinapona chenyewe. Baadaye ugonjwa unajificha, na mtu anaweza kuubeba miaka bila dalili yoyote. Wewe ulikuwa na mchumba kabla ya ndoa. Mumeo naye hakuanza kuishi siku mlipofunga ndoa. Inaweza kuwa imetoka huko nyuma, kwa yeyote kati yenu, kabla hamjajuana. Inaweza pia kuwa ni ya juzi. Mimi sijui, nesi hajui, na kile kikaratasi hakijui. Mwanaume atakayesimama na karatasi ya kliniki akisema "hii hapa inathibitisha umetoka nje" anasema jambo ambalo karatasi haikusema, na mwanamke atakayefanya hivyo kwa mumewe ni vilevile.

Sasa haki yako. Kupimwa ni haki yako, na kuulizwa ni haki yako, na moja haifuti nyingine. Kwa upande wa VVU sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema mjamzito apewe ushauri nasaha na kupimwa kwa hiari, na majibu yawe siri. Utaratibu wa kliniki zetu ni kwamba kila mjamzito anapimwa kama kawaida mpaka yeye mwenyewe aseme hapana. Ili useme hapana, au useme ndiyo ukiijua, ni lazima kwanza mtu akwambie: leo tunakupima VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu, malaria, mkojo, na sababu ni hizi. Wewe hukuambiwa hata kimoja. Na majibu ya kaswende kutangazwa mlangoni hayana utetezi wowote, hata foleni iwe ndefu namna gani. Nimefanya kazi wodi za wazazi muda mrefu, najua nesi mmoja anavyohudumia wanawake sitini asubuhi moja, namhurumia. Bado mlango unafungika.

Kuhusu barua ya mwenyekiti, nimekasirika. Kumshirikisha mwanaume ni jambo jema, naliunga mkono kwa moyo wote, na Shirika la Afya Duniani nalo linalipendekeza, lakini kwa sharti kwamba matakwa ya mwanamke yaheshimiwe. Mjamzito anayerudishwa nyumbani kwa sababu mumewe yuko ziwani anapoteza wiki ambazo mtoto anazihitaji, na wengine hawarudi tena. Shirika hilohilo tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonwe mara nane, na ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wiki ya 12 tutaifikiaje ikiwa mlangoni kuna barua ya kutafuta?

Wanawake wananiambia mambo mengi juu ya siku ya kwanza ya kliniki. Wapo wanaokaa kwenye lile benchi wakisali kimoyomoyo mpaka majibu yatoke, na wakiambiwa hawana kitu wanatoka wepesi, wanasema sasa ndiyo nimejua nina mimba. Wapo waliojisikia kama wameshtakiwa na kutafutiwa ushahidi ndani ya damu yao wenyewe. Mmoja aliniambia kilichomwuma zaidi ni kwamba alipimwa yeye, akahojiwa yeye, akachomwa yeye, na mume alikuwa nje kwenye pikipiki akichezea simu. Wapo walioogopa, wakajua wana VVU, na wakakuta, baada ya mshtuko, kwamba wanajifungua watoto wasio na maambukizi na wanaishi. Wote hawa nawaelewa. Ninachowaambia ni kwamba tunapima kila mmoja kwa sababu hakuna anayeweza kumtazama mwanamke akajua. Kama tungechagua wa kumpima kwa macho, hapo ndipo tungekuwa tumemtuhumu mtu. Mke wa mchungaji anachomwa kidole, mwalimu anachomwa, daktari mwenyewe akiwa mjamzito anachomwa.

Hilo la kupimwa VVU mara ya pili halina maana kwamba hawakuamini. Kipimo kinaweza kisione maambukizi mapya ya wiki chache zilizopita, na miezi ya mimba ni mingi, mtu anaweza kuambukizwa katikati. Maambukizi yanayoingia wakati wa mimba au kunyonyesha ni hatari zaidi kwa mtoto, kwa sababu virusi vinakuwa vingi mno mwilini na mama hajui. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri wanashuka chini ya watano. Kwa hiyo ukiambiwa urudie, rudia, na ukubali tena ukiwa unanyonyesha.

Homa ya ini usiiache ipite. Mtoto anayeambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 wa kubaki nayo kwa muda mrefu, na ndiyo inayokuja kuharibu ini akiwa mtu mzima. Safari ijayo uliza, na wakisema tena kipimo kimekwisha, uliza ni hospitali gani ya karibu wanacho na bei yake. Wakikuta unayo, mtoto anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na hilo linahitaji kupangwa kabla hujashikwa na uchungu.

Sasa mumeo. Kwanza nikuulize jambo ambalo hukuliandika: amewahi kukupiga, au kukutishia? Kama ndiyo, usimwambie mkiwa wawili ndani usiku. Mwambie nesi unayemwamini, au mkunga mkuu wa kituo, kwamba unaogopa. Wao wanaweza kumwita mumeo kliniki kama mwenza wa mjamzito, wakampima na kumweleza wao wenyewe, bila wewe kusema neno nyumbani. Wanalifanya hilo mara nyingi.

Kama ni mtu wa kusikia, basi zungumza naye akishakula na kupumzika, siyo siku aliyotoka ziwani na uchovu. Anza na mtoto. Unaweza kusema hivi: "Mume wangu, kliniki wanapima wajawazito wote. Kwangu wameona kaswende, nimeshaanza kuchomwa. Wamesema inaweza kuwa ya zamani, hata kabla hatujaoana, na hakuna anayeweza kujua imetoka kwa nani. Mimi sikuulizi na naomba usiniulize. Wamesema huenda ndiyo iliyomchukua mtoto wetu wa kwanza, na kwamba usipotibiwa na wewe inaweza kunirudia, na huyu naye tunaweza kumpoteza. Naomba twende wote." Halafu nyamaza, mwache amezee. Akikasirika siku hiyo, usibishane naye, rudia kesho. Wanaume wengi niliowaona wakigoma kwa ajili ya kaswende wamekubali walipoelewa habari ya mtoto, maana yule aliyefariki alikuwa wake pia, na pengine hakuna aliyewahi kumpa pole.

Atatibiwa hata kama kipimo chake kitasoma hasi, kwa sababu ugonjwa mpya unaweza usionekane bado. Idadi ya sindano zake atapangiwa hukohuko. Akichelewa kurudi Mwanza anaweza kuchomwa kwenye zahanati ya kisiwani, kile kikaratasi kinasomeka popote, kwa hiyo kitoe kwenye foronya. Mpaka amalize tiba na zipite siku saba, msikutane kimwili, au mtumie kondomu bila kukosa. Hapa sina ulaini: ukikutana naye hajatibiwa, sindano zako tatu zinaweza kuwa bure.

Mama mkwe wako mheshimu na usibishane naye. Ni kweli hawakuchomwa vidole. Ni kweli pia kwamba wanawake wa umri wake wengi wana watoto waliowazika bila kuambiwa sababu. Huna haja ya kumweleza majibu yako. Ni yako na mumeo. Na kama yule wa kwaya atapeleka maneno kwa wifi, jibu moja linatosha: "Nilipimwa, nikatibiwa, mtoto anaendelea vizuri." Usiongeze kitu.

Ukishajisikia na nguvu, nenda kwa mganga mfawidhi wa kile kituo, mwambie majibu yako yalivyotangazwa. Kama unaogopa kwenda peke yako, kuna kamati ya afya ya kituo yenye wajumbe kutoka mtaani, na kuna sanduku la maoni ambalo halihitaji jina. Usiseme ili nesi afukuzwe. Sema ili yule atakayekaa kwenye lile benchi wiki ijayo aitwe ndani, mlango ufungwe, ndipo aambiwe.

Sindano ya tatu ukimaliza, hakikisha tarehe zote tatu zimeandikwa kwenye kadi yako, pamoja na tarehe mumeo aliyotibiwa. Ukijifungulia mahali pengine, kadi hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari ulitibiwa lini na kwa dozi ngapi, na kutokana na hilo ataamua mtoto achunguzwe vipi na kama naye anahitaji sindano. Usiwaachie waisome wenyewe. Mara tu baada ya kujifungua, waambie.